Linux ikinyamaza usifurahi mapema

Nyinyi mnaokuja atachimenti hapa Mombasa, wengi mwaja na laptopu za Linux, alafu kazi yenyewe yaenda kwa ofisi za kliaringi kule Shimanzi ambako kila meza ni Windows na bosi naye ana Mac yake. Hapo ndo utajua .so (laibrari ya Linux ambayo programu huipakia ikianza kuendeshwa) ikitoka bila kelele si kwamba iko sawa, ni Linux tu imekustahi.

Manake iko hivi, ukipiga gcc -shared, ndiyo amri ya kompaila ya kutengeneza .so, na kuna fankisheni umeiita lakini hukuunganisha laibrari yake, linka ya Linux, ile inayounganisha vipande vya kodi, yapitisha tu, matatizo utayaona programu ikianza kuendeshwa, lakini Windows na Mac zakataa papo hapo. Kwa hivyo weka -Wl,-z,defs toka mwanzo ili linka ya Linux nayo ikatae, bora uumbuke mezani kwako kuliko kwa mteja.

Kubwa zaidi ni simboli, yaani majina ya fankisheni zilizo ndani ya laibrari. Gcc kwa Linux huanika kila kitu nje kama nguo kwenye baraza, MSVC, kompaila ya Windows, ni kinyume chake, hakitoki kitu mpaka ukiandikie __declspec(dllexport). Sasa nyinyi fungeni kote: -fvisibility=hidden kwa gcc, kisha makro moja (jina ambalo kompaila hulibadilisha kwa maandishi mengine) ambayo kwa Windows inakuwa dllexport na kwengine inakuwa __attribute__((visibility("default"))), unaibandika kwa zile fankisheni za kutoka tu. Windows unajenga na cl /LD (cl ndiyo amri ya MSVC), utapata .dll, yaani laibrari yenyewe, pamoja na .lib ndogo ya kuunganishia, na ukiona .lib haikutoka ujue hakuna ulichotoa nje, usianze kulaumu kompaila. Ile -fPIC ya Linux, ya kufanya kodi iweze kupakiwa popote kwenye memori, huko MSVC haiko, wacha kuitafuta.

Mac badala ya -shared ni -dynamiclib, na usisahau -install_name @rpath/libhesabu.dylib (libhesabu ni mfano wa laibrari yako, @rpath ni folda ambazo programu imeambiwa itafute laibrari), sababu jina hilo ndilo linakopiwa ndani ya programu wakati wa kulinki, ukiacha njia ya folda yako basi kwa mashine ya bosi itaitafuta folda hiyo hiyo. Angalia jina hilo na otool -L kabla hujatuma. Linux nayo ni -Wl,-rpath,'$ORIGIN', yaani laibrari itafutwe folda ile ile lilipo faili lenyewe, hizo koti muhimu ati, bila hizo sheli yaimeza, na ukiwa ndani ya Makefile andika '$$ORIGIN', dola mbili, kisha hakikisha kwa readelf -d kama kweli imeingia.