Je, Rammstein Wanaaga?

SWALI: Nimeisikiliza Zeit, albamu ya Rammstein, bendi ya roki nzito ya Ujerumani, na bado hainikai. Mimi nilianzia kwenye Mutter ya 2001, magitaa yanasaga mwanzo hadi mwisho. Humu nasikia piano na majonzi, kisha wanafunga na wimbo wa kuaga, Adieu. Au ndiyo wamechoka?
Mpenzi wa Mutter

JIBU: Ndugu yangu, hawajachoka hata kidogo. Kati ya albamu ya 2009 na ile ya 2019 walitukalisha miaka kumi. Zeit ilitoka tarehe 29 Aprili 2022, miaka mitatu tu baadaye, kwa sababu korona ilivunja ziara yao ya viwanjani nao wakaingia studio ya La Fabrique, kusini mwa Ufaransa. Na baada ya hiyo Adieu walirudi viwanjani kila kiangazi hadi Julai 2024, walipoifunga ziara Gelsenkirchen.

Halafu hebu irudie Mutter yenyewe. Inafunguliwa na fidla za Mein Herz brennt, inafungwa na Nebel, wimbo wa taratibu kabisa. Huo upole uliokushtua wamekuwa nao tangu zamani.

Mimi napiga kinanda, kwa hiyo sikio langu humwendea Flake, mpiga kinanda wao, kwanza. Kwenye wimbo wa Zeit, yaani “muda”, uliobeba jina la albamu, anaanza na piano tupu, mwimbaji Lindemann anaimba karibu peke yake, na magitaa ya Kruspe na Landers yanazuiwa kwa muda mrefu. Yakiingia, uzito wake unausikia kifuani, maana umeungojea. Kupiga noti chache namna hiyo huku wenzako watano wamenyamaza kunahitaji moyo mgumu. Lindemann alikuwa na miaka 59 albamu ilipotoka, na wote sita ni walewale walioanza pamoja Berlin. Mtu wa umri huo akiimba juu ya muda unaokwenda, namwamini.

Kinachonivutia zaidi ni Lügen. Unaanza kama wimbo wa mapenzi, kisha anayeimba anakiri kuwa ni mwongo, na papo hapo sauti ya Lindemann inapitishwa kwenye mashine ya kunyoosha sauti, inageuka ya bandia. Wengi walichukia. Kwangu ni uamuzi wa kijasiri kuliko wote humu: uongo unausikia kwenye koo lenyewe, si kwenye maneno tu.

Dicke Titten, na tarumbeta zake za sherehe, huwa nauruka.

Wewe usianze na nyimbo za taratibu. Weka Angst kwanza, sauti juu, ndipo utayapata magitaa unayoyatafuta. Fuatisha Giftig. Meine Tränen, ule wa mama na mwanawe, uache hadi upate saa ya utulivu na vipokea sauti vizuri vya masikioni.