Tarifa ya umeme inayofuata soko huku Ujerumani: angalia saa zako kabla hujasaini

Tangu Januari 2025 kila kampuni inayouza umeme huku Ujerumani inatakiwa kisheria iwe na tarifa inayofuata bei ya soko la jumla, yaani bei inayopanda na kushuka ndani ya siku moja, na Waswahili wenzangu wananiuliza sana kama wahamie au wabaki walipo. Mi naitumia nyumbani, tuna watoto na mashine ya nguo haipumziki, na huwa nawajibu hivi: achana na bei ya wastani, niambie kwanza umeme wako unautumia saa ngapi.

Iko hivi. Umeme wa kesho unauzwa leo kwa mnada, saa sita mchana, na kwenye saa saba bei zishatoka. Wenye mitambo wanataja bei zao, wanachukuliwa kuanzia wa bei rahisi kwenda juu mpaka mahitaji yatimie, halafu yule wa mwisho kuchukuliwa ndo anaamua bei ya wote. Sola na upepo hawanunui mafuta wala gesi, kwa hiyo wanaingia na bei ya karibu na sifuri na kuwasukuma nje wale wa gesi, bei inashuka. Jumapili ya jua kali mwezi wa tano, viwanda vimefungwa, inaweza kushuka mpaka chini ya sifuri kabisa, yaani muuzaji ndo anamlipa mnunuzi, maana kuna mitambo ya makaa ambayo kuizima na kuiwasha tena ni hasara kubwa zaidi, na kuna paneli kibao za zamani zinazolipwa bei ya uhakika kisheria hata soko liweje. Mwaka 2024 saa za namna hiyo zilikuwa 457.

Ila usidhani utalipwa kwa kuwasha oveni. Bei ya soko ni kipande tu cha bili, ada ya gridi na kodi ya umeme zinabaki palepale, halafu VAT 19% inakuja juu ya vyote.

Na jua likizama mambo yanageuka. Sola inatoka sokoni saa ileile watu wanarudi kazini na kuwasha majiko, gesi inarudi, na gesi ndo inaweka bei. Tarehe 12 Desemba 2024, jioni kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, upepo hakuna na giza limeshaingia, bei ya jumla ilifika euro 936 kwa megawati-saa, hiyo ni karibu senti 94 kwa uniti moja kabla hujaongeza kitu. Sisi jioni kama hizo tunapika kama kawaida, watoto lazima wale, lakini nguo na vyombo vinasubiri usiku wa manane.

Kwa hiyo kama una gari la umeme, au kuna mtu anashinda nyumbani mchana, hamia, nasema kwa moyo wote. Kama mnaingia wote saa kumi na mbili na ndo mnaanza kupika, kufua na kuwasha hita ya umeme, baki na bei ya kudumu, hasa msimu wa baridi. Na utahitaji mita janja, yaani mita ya kidijitali inayorekodi umetumia umeme kiasi gani na saa ngapi, ambayo kawaida inafungwa na mwenye nyaya za eneo lako, sio lazima kampuni inayokuuzia, kwa hiyo iombe mapema.

Wenye nyumba zenu mnaotaka kufunga paneli, nyie someni hapa vizuri: mifumo mipya iliyowashwa kuanzia 25 Februari 2025, ukiacha ile midogo ya balkoni, kuanzia mwaka unaofuata baada ya mita janja kufungwa hailipwi kwa umeme inaopeleka kwenye gridi wakati bei ya soko iko chini ya sifuri, muda huo unafidiwa kwenye mwisho wa ile miaka 20 ya malipo ya kisheria. Fundi akikupigia hesabu ya faida muulize kama ameliweka hilo, na mwambie akupigie nyingine yenye betri.