Kasha la Mbao la Kupozea Soda

Swali: Mhariri, ningependa kujitengenezea kasha la mbao la kupozea soda, ila fedha ni chache. Nianzie wapi? – Msomaji, Kayole

Jibu: Ndugu msomaji, tafuta katika soko la Gikomba, Nairobi, mbao za paleti kuukuu (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo), ukichagua zenye alama ya HT, yaani zilizopitishwa kwenye joto, na kuziacha kabisa zenye MB, kwa sababu hizo zilifukizwa kwa dawa yenye sumu. Mbao ni pambo tu. Kinachotunza ubaridi ni lile povu jeupe gumu linalofungiwa televisheni, ambalo utalipanga pande zote, hata kwenye kifuniko, kisha utumbukize ndani beseni la plastiki lenye koki ya kutolea maji ya barafu inayoyeyuka. Nje paka vanishi.