Usimfute Kumbukumbu Mhusika Msaidizi

Mwaka juzi tulikaa sebuleni kwa rafiki yangu, Tabata, tukisoma kwa sauti skripti ya tamthilia yetu kabla ya kuanza kurekodi. Ni tamthilia ya vipindi 6 kuhusu meli ya anga inayosafirisha maji. Chumba cha mitambo tulikuwa tumeshakijenga kwa mbao za jipsamu na taa tulizonunua Kariakoo, na hela iliyobaki ilikuwa ya siku chache tu za kazi. Dada anayeigiza Bahati, fundi mitambo wa meli, alisoma hadi katikati ya kipindi cha tatu, kisha akaweka kalamu mezani.

"Kaka, samahani. Mdogo wangu si amekufa juzi?"

Nikamjibu ndiyo, mwisho wa kipindi cha pili.

"Sasa mbona leo nacheka?"

Nikafungua ukurasa. Kweli, Bahati alikuwa anataniana na rubani kuhusu chakula cha kopo. Nikaanza kujitetea kwamba watazamaji wametoka kulia, wanahitaji kupumua. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema atacheka nikimwambia acheke, ila nimweleze kwanza Bahati anacheka nini. Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilipitia maneno yote ya Bahati kwa kalamu nyekundu. Zaidi ya nusu yalikuwa maswali: "Kuna nini?" "Tunafanyaje, nahodha?" "Una maana gani?" Nilimtumia kama ndoana ya kumvutia mtazamaji maelezo ya mitambo. Kaka wa watu amekufa, dada wa watu kazi yake ni kuuliza.

Shuleni tulifundishwa mhusika bapa, asiye na kina wala mabadiliko, na mhusika duara, mwenye kina na anayebadilika, na kwa miaka mingi niliamini kinachomfanya msaidizi awe bapa ni uchache wa maneno. Siku hizi naona vingine. Msaidizi anaweza kuwa na sini (onyesho) mbili tu kwa kipindi na akasimama vizuri. Anadhoofika pale ambapo yaliyompata hayabaki naye. Leo amefiwa, wiki ijayo mwandishi ameshasahau, na yeye analazimika kusahau pia.

Kwenye tamthilia za kisayansi mtego huu ni mpana zaidi. Ukiandika tamthilia ya familia ya Mbagala, mtu akifa kuna turubai, kuna majamvi, kuna akina mama wanapika, kuna arobaini. Desturi zenyewe zinamkumbusha mwandishi. Kwenye meli ya anga hakuna matanga mpaka uyaandike wewe. Halafu fani hii inakupa zana za kufutia: muda unarudishwa nyuma, mwili unatengenezwa upya, mashine inasafisha ubongo. Zana hizo zinavutia, na mimi mwenyewe nazipenda. Lakini aghalabu wanaofutwa ni wasaidizi, kwa sababu hadithi inaweza kuendelea bila wao kudaiwa chochote.

Tumtazame Uhura, ofisa wa mawasiliano katika Star Trek, tamthilia ya Marekani kuhusu meli ya anga, maana sisi tunaozungumza Kiswahili tunahusika naye moja kwa moja. Jina lake limetokana na neno letu uhuru. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, Septemba 1966, kiumbe kinachojigeuza kinamjia kwa sura ya mwanamume na kuzungumza naye Kiswahili, naye anajibu. Nikilitazama hilo bado najisikia vizuri mwili mzima. Lakini mwaka uliofuata, katika kipindi cha "The Changeling", chombo kiitwacho Nomad kinafuta kumbukumbu zake zote. Tunamwona ameketi na muuguzi akijifunza kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza, na akikwama kwenye Kiingereza anatoa Kiswahili. Mwisho wa kipindi daktari anasema ameshafika kiwango cha chuo, na ndani ya wiki moja atakuwa amerudi kazini. Wiki iliyofuata yuko kazini kama kawaida.

Hebu fikiria mwanamke huyo amepoteza nini. Sura ya mama yake. Nyimbo alizokuwa anaimba, na kuimba ndiko kulikomletea balaa lenyewe. Pale kulikuwa na msimu mzima wa hadithi, na hakuna aliyeugusa. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, amesimulia mara nyingi kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuondoka, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa sababu Wamarekani weusi walikuwa wanajiona ndani yake. Uzito wote ule aliubeba mwigizaji. Skripti haikumsaidia vya kutosha.

Sababu zilikuwepo, na ni haki kuzitaja. Vipindi vya zama zile viliandikwa kila kimoja kijitegemee, ili mtu aliyekosa wiki iliyopita asipotee na kituo kiweze kurudia kwa mpangilio wowote. Ila tabia hiyo iliendelea hata pale ambapo sababu ilikuwa imepungua nguvu. Star Trek: Voyager, tamthilia ya baadaye katika mfululizo huo huo, ilianza 1995 ikiwa na ofisa kijana, Harry Kim, mwenye cheo cha chini kabisa cha maofisa. Ikaisha 2001, misimu 7, na cheo ni kile kile. Mwenzake Tom Paris alishushwa cheo na akarudishiwa katika miaka hiyo hiyo. Zaidi ya hapo, katika kipindi cha "Deadlock" cha 1996, Harry tuliyeanza naye anavutwa nje ya meli na kufa, na nafasi yake inachukuliwa na Harry mwingine kutoka meli pacha. Mtu ameketi kwenye kiti cha marehemu ambaye ni yeye mwenyewe! Na karibu hakuna anayelizungumzia tena.

Sasa mweke pembeni yake Nog wa Deep Space Nine, tamthilia nyingine ya Star Trek. Anaingia 1993 kama kitoto kikorofi, mwizi, hajui hata kusoma. Rafiki yake Jake anamfundisha kwa siri. Mwaka 1995 anamwendea kamanda kuomba barua ya kumdhamini aingie chuo cha maofisa, na akibanwa aseme kwa nini, anafunguka: baba yake ana kipaji kikubwa cha ufundi lakini maisha yamempita, naye hataki yampite vivyo hivyo. Mwaka 1998 anapoteza mguu vitani. Anapewa mguu wa bandia, madaktari wanasema umepona, na yeye anasema unauma. Waandishi hawakumrusha kwenda wiki inayofuata. Walimpa kipindi karibu kizima, yeye na mwimbaji wa mwanga aliyetengenezwa na kompyuta, wote wawili wakiwa wasaidizi. Anajificha ndani ya ukumbi wa kubuni wa mwimbaji huyo kwa sababu humo hakuna vita. Jina lake halikuwahi kuingia kwenye orodha ya waigizaji wakuu, na bado namkumbuka kuliko manahodha wengi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako unayeandika: kabla hujaongeza maneno, fungua daftari. Kila msaidizi mpe ukurasa wake, na kila ukimaliza kipindi andika vitu viwili tu, alichopoteza na anachodaiwa au kudai. Ukianza kipindi kipya soma ukurasa huo kwanza. Si lazima kila kitu kitajwe kwa mdomo. Mara nyingi ni bora kisitajwe.

Kwa Bahati hatukuwa na hela ya siku nyingine ya kurekodi, wala nafasi ya sini mpya. Nilibaki na sini ile ile ya chakula cha kopo. Katika kipindi cha kwanza yeye na mdogo wake walikuwa wanakunywa chai pamoja wakianza zamu, kwa hiyo sasa, wakati rubani anaongea na kutania, Bahati anamimina chai kwenye vikombe viwili. Anakiangalia cha pili. Anakishika, anairudisha chai kwenye chupa taratibu, anakifuta kikombe kwa kitambaa cha grisi na kukirudisha kwenye msumari wake. Rubani ananyamaza. Maneno mapya hayakuongezeka hata moja, nikafuta manne.

La mwisho ni vifo, maana hapo ndipo tunapokosea zaidi. Waliokulia kwenye vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video, wanajua kwamba stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi, rafiki yake ndiye anayekufa ili stelingi apate hasira. Tumelizoea hilo hadi tunaliandika bila kufikiri. Katika Star Trek: The Next Generation, Tasha Yar, mkuu wa ulinzi, aliuawa mwaka 1988 kwa pigo moja la kiumbe kilichomuua bila sababu yoyote. Mwigizaji wake, Denise Crosby, alikuwa ameomba kuondoka kwa sababu hakuwa anapewa kazi ya maana. Mwaka 1990 waandishi walimrudisha kwa njia ya historia iliyobadilika, na humo anaambiwa kwamba katika historia ile ya kwanza alikufa kifo kitupu. Anaomba kuhamia meli inayokwenda kuangamia, ili mara hii kufa kwake kuwe na faida. Inaniuma kila nikiitazama, kwa sababu ni waandishi wanaokiri kosa mbele yetu.

Nilirudi kwenye skripti yangu. Kipindi cha tano kulikuwa na mtu anakufa mlangoni, na niliyekuwa nimemwandika pale anaitwa "MLINZI 2". Nikampa jina, Saidi, na katika kipindi cha kwanza nikamfanya amkopeshe Bahati betri ya tochi. Kipindi cha sita, wakati wengine wanashangilia kufika, Bahati yuko kwenye korido ya walinzi na betri mkononi, anauliza amrudishie nani.