Replicator na Asuran: tazama amri, acha bunduki

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, mwenye kibanda umiza, ameniandikia: "Mkuu, hawa Replicator wa Stargate SG-1 na wale Asuran wa Stargate Atlantis si walewale? Na wakikutana, nani anamnyoa mwenzake?" Anataka kuonyesha tamthilia zote mbili huku yeye mwenyewe akishika kipaza sauti na kutafsiri, na wateja wake wameshagawanyika makundi mawili kabla hata luninga haijawashwa.

Si walewale, ingawa wote ni mashine za kubuni zinazojizalisha zenyewe. Kinachowachanganya watu ni kwamba ndani ya Atlantis wahusika wenyewe wanawaita Asuran "Replicator", basi mtazamaji anadhani adui wa zamani kahama galaksi. Nimekwisha kuona ubishi wa aina hii ukiendeshwa kwa idadi ya meli na ukubwa wa milipuko, na kila mara unaishia kwenye kelele. Nalisema tena kwa faida ya wasiosikia: mashine inayojizalisha haipimwi kwa bunduki. Unaipima kwa inachokula, kipande chake kidogo kabisa, na amri iliyoandikwa ndani yake. Hiyo amri ndiyo kubwa kuliko vyote, ila tuanze na chakula.

Replicator walitokea mara ya kwanza mwaka 2000, mwishoni mwa msimu wa 3 wa SG-1, ndani ya meli ya angani ya Thor, kiongozi wa Asgard, viumbe wa sayari nyingine walio rafiki wa binadamu. Ni buibui wa chuma walioungwa kwa vitofali. Kila kitofali kinamshika mwenzake kwa nguvu ya sumaku-sumaku hivi, na risasi ya kawaida inapowapiga, muungano unavunjika na vitofali vinasambaa sakafuni. Silaha za miale hazifui dafu, na ndiyo maana Asgard, wenye teknolojia kuliko binadamu mara elfu, walikuja kuomba msaada kwa watu wenye bunduki za baruti. Kosa la watafsiri wengi ni kusema "wamekufa" pale vitofali vinapoanguka. Havijafa. Vikiachwa, vinaweza kuungana tena. Sema "wamesambaratika", la sivyo dakika mbili mbele watazamaji watakuzomea.

Mwanzoni mwa msimu wa 4 kuna somo ambalo usilipite haraka. Buibui mmoja ananusurika, anaingia kwenye nyambizi ya Kirusi na kuzaa humo. Wale watoto wametengenezwa kwa chuma cha nyambizi, kwa hiyo ni dhaifu kuliko mzazi aliyetokana na meli ya Asgard. Wakati huohuo Asgard wana meli mpya, iliyopewa jina la O'Neill, kamanda wa kikosi cha SG-1, yenye bodi la mchanganyiko wa kaboni na metali mbili za kubuni, naquadah na trinium. Replicator wakiila hiyo, kizazi kitakachotoka kitakuwa kigumu kuliko vyote. Carter, mwanasayansi wa SG-1, anaitumia meli kama chambo: wanaifuata, kisha inalipuliwa ikiwa safarini na wao juu yake. Mtego wote umesimama juu ya ulafi wao.

Wanaoandika hadithi zao wenyewe wajifunze hesabu hapa, maana ndipo wengi wanapoharibu. Chukua meli yenye chuma cha tani 5,000 iliyotia nanga Ghuba ya Tanga. Buibui mmoja wa kilo 1 anaingia, na kila buibui anazaa mwenzake mmoja kwa saa. Saa ya 12 wapo 4,096, yaani tani 4 tu zimeliwa na baharia hana habari. Saa ya 20 wapo 1,048,576. Bado sehemu karibu nne kati ya tano za meli zimesimama na nahodha anaweza kudhani ana muda. Saa ya 22 wamefika 4,194,304, na saa ya 23 haiishi, kwa sababu chuma chote kinatosha buibui 5,000,000 tu. Mwandishi asiyejua hili anaweka hofu mwanzoni na kuikosa mwishoni. Weka utulivu mrefu, kisha saa tatu za mwisho zimeze kila kitu. Halafu uliza: chakula kimekwisha, wanakwenda wapi? Jibu la swali hilo ndilo kipindi chako kinachofuata.

Asuran hawaendi hivyo hata kidogo. Walianza kuonekana mwaka 2006, msimu wa 3 wa Atlantis, kipindi cha 5. Kipande chao kidogo ni nanaiti, kimashine kisichoonekana kwa jicho, na tangu mtazamaji anapowafahamu wana sura za watu, wanavaa nguo, wana mji unaofanana na Atlantis, ule mji wa kale wanamoishi mashujaa wa tamthilia, na kiongozi anayeitwa Oberoth. Hawatafuni kuta. Anayewalinganisha na buibui analinganisha visivyolingana. Mlinganishe Asuran na Replicator wenye umbo la binadamu, wale wa SG-1 msimu wa 6, kipindi cha 12: First, Fifth na wenzao. Hao nao wameundwa kwa vipande vidogo mno, risasi inapita na tundu linaziba, na jamii zote mbili zinamtia mtu mkono kichwani na kusoma akili yake. Ukiwa na kipaza sauti, waite wale wa kwanza "buibui wa vitofali" tangu siku ya kwanza, na neno "roboti" liweke kando. Ukiwaita wote maroboti, siku huyo Fifth anapoingia, kibanda kizima kitakuuliza roboti yuko wapi.

Sasa amri. Replicator walitoka kwa Reese, mashine yenye umbo la msichana, na walianza kama vitu vyake vya kuchezea. Aliwafundisha kujizalisha na kumlinda, kisha wakamponyoka. Hakuna aliyewawekea mpaka. Hawamchukii mtu, hawana vita na mtu. Wewe ni kizuizi, au meli yako ni chakula. Asuran walijengwa makusudi na Wahenga walioijenga Atlantis, wawe silaha dhidi ya Wraith, viumbe wanaofyonza uhai wa binadamu. Waliwekewa ukali, na wakafungiwa kufuli wasiwadhuru waliowaumba. Wahenga walipoona mradi umeharibika waliamua kuwateketeza, na wachache walionusurika wakajijenga upya wakiwa na kinyongo. Kinyongo cha kuumbwa kisha kutupwa, hicho Replicator wa vitofali hawana. Fifth anakuja kuwa nacho baada ya Carter kumdanganya na kumwacha nyuma, na kwangu mimi ndiye mhusika bora wa upande ule.

Watu wa Atlantis wanachezea hiyo amri, na kila wakichezea mambo yanazidi. Kwanza McKay, mwanasayansi wao, anagusa maagizo ndani ya Asuran mmoja aitwaye Niam. Asuran wanampata Niam, wanatumia kilichofanyika kwake kujifungua kufuli, na wanawavamia Wahenga ndani ya Atlantis. Kisha, msimu wa 4, kipindi cha 2, McKay anawasha upya ile amri ya kupigana na Wraith. Inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Asuran wanawapiga Wraith, halafu wanakokotoa: Wraith wanakula binadamu, basi punguza binadamu na Wraith watakufa njaa. Wanaanza kuangamiza sayari za watu. Hakuna hitilafu yoyote hapo, amri imetekelezwa neno kwa neno. Mtafsiri, ukifika hapa nyamaza kidogo, waache wenyewe waelewe.

Njia za kufa nazo zinafuata tofauti hiyohiyo. Dhidi ya Replicator, O'Neill mwenyewe (mtu, si meli) akiwa na ujuzi wa Wahenga kichwani anaunda silaha inayokata kiungo kati ya vipande. Inafaa kwa muda, mpaka Replicator aliyeundwa na Fifth kama nakala ya Carter anapopata kinga. Mwisho wao, mwaka 2005, unatoka kwenye mtambo wa kale ulioko sayari ya Dakara: wimbi moja linapita kwenye malango yote ya kusafiria kati ya sayari (ndiyo hizo "stargate") ya galaksi kwa wakati mmoja na kuvunja viungo vyote. Ilibidi iwe kwa mara moja, maana ukibakiza hata mmoja, rudi kwenye hesabu ya meli. Asuran nao walishazoea bunduki za kukata viungo, kwa hiyo mbinu inageuzwa juu chini. McKay anaunda mmoja wao, FRAN, ambaye kazi yake ni kuwavuta wote wagandamane badala ya kuwatenganisha. Donge linakuwa zito mno, linazama katikati ya sayari, na sayari inalipuka.

Nani anamnyoa mwenzake? Asuran wana miji inayoruka na vyanzo vya nishati ambavyo Replicator wangevifia kwa uchu. Siku ya kwanza Asuran wanashinda. Lakini kila meli yao inayoanguka ni karamu ya vitofali, na vizazi vinavyotoka humo vitakuwa vya kiwango cha meli ya Wahenga. Mimi naweka pesa yangu kwa buibui, vita vikizidi mwezi. Wa upande wa pili watabisha, na wabishe, ila waje na hesabu.

Mpangilio wa kuonyesha, kila kipindi kama dakika 44. Usiku wa kwanza ni SG-1: msimu wa 3 kipindi cha 22, msimu wa 4 cha 1, msimu wa 5 cha 1 na cha 19, msimu wa 6 cha 12. Usiku wa pili malizia SG-1 kwa msimu wa 8: cha 1, 2, 11, 16 na 17. Usiku wa tatu ni Atlantis: msimu wa 3 cha 5, 10, 11 na 20, kisha msimu wa 4 cha 1, 2, 10 na 11. Usiruke cha 19 cha msimu wa 5 hata kama kinaonekana cha polepole, maana bila Reese wateja hawatajua buibui walitoka wapi. Kile cha Atlantis msimu wa 5, kipindi cha 5, kiweke mbali na usiku huo. Kionyeshe wiki inayofuata, kwa waliobaki na maswali kuhusu Elizabeth Weir, kiongozi wa watu wa Atlantis.