Wakala Akulete Yaya, Mshahara Umpe Mwenyewe

SWALI: Assalamu alaikum. Nina mtoto wa miezi minane, nakaa Tudor, Mombasa, na mama yangu aliyekuwa akinilelea anarudi kwao Lamu mwisho wa mwezi. Nilimlipa wakala mmoja wa hapa mjini shilingi 6,000 anitafutie yaya. Wa kwanza alikaa siku tisa. Wa pili alimaliza mwezi mzima, nami mshahara wake nikamtumia wakala kwa M-Pesa kama alivyoniagiza. Kesho yake asubuhi yule msichana akaondoka bila kuaga, kanga yake bado imeanikwa kambani. Sasa wakala asema ataniletea wa tatu bila malipo, kwa kuwa nina dhamana ya miezi mitatu, na kwamba safari hii nikizuie kitambulisho chake asije akatoroka. Je, nifuate shauri hilo?
Mama wa Tudor

JIBU: Waalaikumussalam, dada yangu. Kitambulisho usikizuie, ni mali yake, na mtu hazuiliwi nyumbani kwa karatasi. Toa nakala, uiweke pamoja na nambari ya simu ya jamaa yake mmoja ambaye umezungumza naye wewe mwenyewe, kisha umrudishie.

Kilichonishughulisha zaidi katika barua yako ni ile kanga. Aliyepanga safari huanua nguo zake usiku. Aliyeacha kanga kambani aliamka akiwa na nia ya kukaa, akasikia jambo lililomtoa, na kwa kuwa mshahara wake ulipitia mkononi mwa wakala, nakisia kwamba aliambiwa mwezi huo wa kwanza, wote au nusu yake, umekatwa kuwa ada ya kutafutiwa kazi. Wako mawakala wanaokula pande mbili namna hii, na wakala wa aina hiyo hana sababu ya kutaka yaya akae, maana kila anayeondoka humfungulia mlango wa kukata mwezi wa kwanza wa mwingine. Dhamana ya kukuletea mwingine bure basi haimgharimu kitu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi mshahara wake moja kwa moja. Mtu mwingine hupokea kwa niaba yake iwapo tu mwenyewe hayupo na ameidhinisha kwa maandishi. Mwajiri hapa ni wewe, si wakala. Kwa hiyo, kabla ya kumpokea wa tatu, mkalishe wakala na yaya pamoja sebuleni kwako, uulize mbele ya wote wawili nani anamlipa nani, kiasi gani na lini. Wakala akianza kujibu kwa niaba ya msichana, umekwisha kupata jibu. Muulize pia kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na umwambie hiyo dhamana aiandike: ni ya kurudishiwa pesa au ya kubadilishiwa mtu tu, na nauli ya kwenda na kurudi ni juu ya nani.

Mkataba, hata hivyo, ni kazi yako. Ajira ikifika miezi mitatu sheria inataka iandikwe, na anayepaswa kuiandika ni mwajiri. Kama msichana hasomi, asomewe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, kisha atie dole gumba. Weka kipindi cha majaribio kisichozidi miezi 6, ambapo kila upande waweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7, siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Kuhusu mshahara, kiwango cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani kwa Mombasa, kilichoanza kutumika Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Najua nyumba nyingi za mji huu, hata zile zenye magari mawili uani, hulipa chini ya hapo, kisha wenyewe hushangaa mayaya hawatulii.

Cheti cha tabia njema kinafaa, lakini kinaonyesha tu kama mtu ana rekodi ya uhalifu. Hakikuonyeshi anavyomshika mtoto anayelia. Hilo utaliona kwa macho, na bahati nzuri mama yako bado yupo. Yaya aanze kazi wiki mbili kabla bibi hajasafiri, amwogeshe mtoto, ampikie uji na kumlaza, bibi akiwa ameketi kando na uradi wake, bila kuingilia.

Tena, mtafute yule wa pili kwa simu, umuulize alipokea shilingi ngapi. Akikwambia hakupokea kitu, na hukuwa na idhini yake ya maandishi, deni lake bado li juu yako: mlipe mkononi mwake, kisha wewe umdai wakala. Kanga yake nayo umrudishie.