Kuandaa Maonyesho ya Kuruka kwa Miavuli Kihalali: Anza na Uwanja

Kwa miaka miwili mfululizo nilikuwa katibu wa kamati ya sherehe za Siku ya Uhuru, tarehe 4 Julai, katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, nchini Marekani, ambako familia yangu imehamia, na miaka yote miwili nilikabidhiwa shughuli ya warukaji wa miavuli. Mwaka wa kwanza hakuruka mtu. Mwaka wa pili waliruka wanne, wakatua salama mbele ya wazazi, watoto na wazee waliojaa pembezoni mwa uwanja wa shule. Watu huniuliza habari za mwaka wa pili, lakini naamini mwaka wa kwanza ndio ulionifundisha, na ndio ninaoutegemea zaidi katika ushauri huu.

Tulipoanza, mtu mmoja alijitokeza akatuambia kwamba ana rafiki rubani, kwamba anaweza kuruka kwa gharama ya mafuta tu, na kwamba kwa mji mdogo kama wetu hakuna haja ya kusumbua ofisi yoyote. Kamati ilifurahi, nami karibu nikubali. Kilichonizuia ni kusoma kanuni yenyewe. Kuruka kwa miavuli nchini Marekani kunasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, FAA, chini ya Sehemu ya 105 ya kanuni zake, na kifungu cha 105.21 kinamkataza mtu yeyote kuruka kwa mwavuli juu ya eneo lenye makazi mengi au juu ya mkusanyiko wa watu walio mahali pa wazi, au kutua humo, bila cheti cha idhini. Kifungu hicho hicho kinamkataza pia rubani kumruhusu mtu kuruka namna hiyo kutoka katika ndege yake. Kwa hiyo yule bwana alikuwa akihatarisha leseni ya rafiki yake pamoja na usalama wetu, na ukubwa wa mji haubadilishi lolote, kwa sababu watu mia tatu waliokusanyika uwanjani ni mkusanyiko.

Kadiri nilivyozidi kuisoma kanuni hii ndivyo nilivyoelewa inamlinda nani. Mrukaji amejifunza, anazijua hatari za kazi yake na amezikubali. Mama aliyeketi kwenye blanketi na mtoto mchanga hajakubali chochote. Amekuja kutazama sherehe. Mwandaaji ndiye mwakilishi wa mama huyo, na kila uamuzi nitakaoueleza hapa unaanzia kwake.

Jambo la kwanza, kabla ya fomu na kabla ya fedha, ni uwanja. Kamati yetu ilitaka warukaji watue katikati ya uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani wa shule ya sekondari, kwa kuwa majukwaa yako pale. Uwanja huo, pamoja na maeneo ya mwisho ya pande zote mbili, una urefu wa futi 360 na upana wa futi 160, yaani futi za mraba 57,600. Kwa macho ya mtu aliyesimama chini ni mkubwa, lakini chama cha warukaji cha Marekani, USPA, hupanga maeneo ya kutua kwa madaraja, na kwa vipimo tulivyovitumia, daraja la kwanza lilihitaji angalau futi za mraba 250,000, ambazo ni kama ekari tano na robo tatu, huku mrukaji akitua umbali usiopungua futi 50 kutoka kwa watazamaji. Daraja la pili linakubali sehemu ndogo zaidi, takriban futi za mraba 5,000 kwa warukaji wanne, na kutua hadi futi 15 kutoka kwa watu, lakini ni la warukaji wenye hadhi maalumu ya maonyesho inayoitwa PRO. Hadhi hiyo hawaipati mpaka wawe na leseni ya juu kabisa ya chama, ambayo peke yake inataka miruko 500, kisha wathibitishe mara nyingi kwamba wanaweza kutua wakiwa wamesimama ndani ya eneo dogo walilolitaja kabla ya kuruka.

Kwa hiyo usipange uwanja kwa kuangalia ramani ya simu. Utembee kwa miguu pamoja na kiongozi wa kikosi. Sisi tulitembea karibu saa mbili, naye alinionyesha vitu nilivyokuwa nikivipita kila siku bila kuviona: nguzo za taa, milingoti ya magoli, uzio wa waya, na nyaya za umeme zilizojificha nyuma ya miti upande wa barabara. Alinieleza pia kwamba upepo ukipita juu ya kizuizi huvurugika upande wa pili, na kwamba mvurugiko huo unaweza kufika umbali wa mara 10 hadi 20 ya urefu wa kizuizi chenyewe. Safu ya miti yenye urefu wa futi 50 inaweza hivyo kuuharibu upepo kwa futi 500 au hata 1,000. Mwavuli wa kisasa ni bawa linalojazwa hewa, na hewa iliyovurugika inaweza kulikunja bawa hilo mrukaji akiwa karibu na ardhi, wakati hana tena nafasi ya kurekebisha. Tuliuacha uwanja wa mpira, tukachagua shamba la nyasi lililo nyuma ya shule, na tukawasogeza watazamaji badala ya kuwasogeza warukaji. Baadhi ya wanakamati walinung'unika kwamba majukwaa yatakuwa mbali. Naona mpaka leo kwamba huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote tuliyoyafanya.

Wakati wa kuchagua kikosi, usione haya kuomba karatasi. Omba leseni na hadhi za kila mrukaji, si za kiongozi peke yake. Omba kuona kadi ya mwavuli wa akiba, ambao kwa aina ya kawaida inayotumika sasa ni lazima uwe umekunjwa na fundi mwenye leseni ndani ya siku 180 zilizotangulia. Omba hati ya bima inayotaja waziwazi maonyesho ya hadharani na kuujumuisha mji na shule miongoni mwa wanaolindwa, kwa maana bima ya mwanachama wa kawaida usiichukulie kuwa inatosha. Kikosi kizuri kitakupa vyote hivyo kabla hujamaliza kuomba. Kikikasirika, tafuta kingine.

Ombi la cheti hujazwa katika fomu ya FAA namba 7711-2 na kupelekwa katika ofisi ya wilaya inayosimamia eneo lako. Kwa kawaida kikosi ndicho kinachoijaza, lakini mwandaaji ndiye anayekipa habari: barua ya ridhaa ya mwenye ardhi, picha ya eneo kutoka angani iliyoonyesha mahali pa kutua, mstari wa watazamaji, vizuizi vyote na maeneo mengine ambako mrukaji anaweza kukimbilia mambo yakienda vibaya. Mwaka wa kwanza picha yetu haikuonyesha zile nyaya za umeme, na mkaguzi aliirudisha. Tulipoteza wiki nzima, tena mabango yetu yalikuwa tayari yamebandikwa madukani yakitangaza maonyesho ambayo hayajapata idhini. Usitangaze kabla cheti hakijawa mkononi. Anzeni miezi mitatu kabla, hata kama mtaambiwa wiki chache zinatosha.

Cheti kikishatoka, watu wengi hudhani kazi imekwisha, na hapa ndipo ninapotaka kusimama kidogo. Tarehe 20 Aprili 2022, jijini Washington, kikosi cha miavuli cha Jeshi la Marekani kiitwacho Golden Knights kiliruka kuingia katika uwanja wa besiboli wa Nationals Park kabla ya mechi. Kilikuwa kikosi chenye uzoefu mkubwa, na maonyesho yenyewe yalikuwa yamepangwa. Lakini polisi wa Bunge la Marekani hawakuwa na habari za ndege ile, wakaiona ni tishio, na majengo ya Bunge yakahamwa kwa haraka. FAA wenyewe walikiri baadaye kwamba hawakuwa wamewapa polisi hao taarifa ya mapema. Uwanja ulikuwa na idhini, na bado watu walikimbia kwa hofu, kwa sababu simu moja haikupigwa.

Ndiyo maana nilitengeneza orodha ya simu na kuipiga mwenyewe: polisi wa mji, zimamoto, uwanja mdogo wa ndege ulio karibu, na kituo cha helikopta za hospitali, ambazo hupita juu ya shule yetu bila ratiba. Kwa upande wa anga, katika eneo kama letu lisilo na mnara wa kuongozea ndege, kanuni inataka waongoza ndege wenye mamlaka juu ya eneo hilo waarifiwe si mapema kuliko saa 24 na si chini ya saa moja kabla ya kuruka. Karibu na viwanja vikubwa vya ndege taarifa haitoshi. Inatakiwa ruhusa yao. Na kama tukio lako ni mechi ya ligi kuu ndani ya uwanja wa watu 30,000 au zaidi, anga ya hapo hufungwa kwa maili tatu za baharini kuuzunguka, hivyo utahitaji kibali cha ziada. Msomaji aliye Kenya ataanzia KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, na wa Tanzania TCAA, mamlaka kama hiyo ya kwao. Usizihamishe namba za Marekani kwenda huko, bali uliza kanuni za huko.

Piga marufuku droni. Mwaka wa pili kijana mmoja aliirusha ya kwake dakika kumi kabla ya ndege kufika, na polisi walimwomba aishushe kwa sababu tulikuwa tumekwisha kukubaliana nao kuhusu hilo.

Sasa nirudi kwenye mwaka wa kwanza. Cheti kilipatikana hatimaye, watu walikuja, na asubuhi mawingu yalitanda kwenye futi 2,000 hivi. Chini ya futi 10,000, ndege ya warukaji inatakiwa kukaa angalau futi 500 chini ya mawingu, na uwazi wa kuona uwe maili tatu. Maana yake ndege isingeweza kupanda zaidi ya futi 1,500, ilhali hata mrukaji mwenye leseni ya juu hutakiwa na chama chake kuufungua mwavuli asiwe chini ya futi 2,500. Hesabu ilikuwa imefungwa. Lakini hatukuwa tumeamua ni nani mwenye neno la mwisho, kwa hiyo mwenyekiti alibembeleza, mfadhili alibembeleza, mshereheshaji akaendelea kuwaahidi watu kwamba ndege iko njiani, na kiongozi wa kikosi alilazimika kusema hapana mara nne mbele ya umati.

Mwaka wa pili tuliandika kwenye karatasi na kutia saini: kiongozi wa kikosi na mtu wake wa ardhini, yeyote kati yao, anaweza kuahirisha bila kuulizwa sababu. Tulikubaliana pia kwamba upepo wa ardhini ukizidi maili 15 kwa saa hakuna kuruka, na kwamba vitambaa viwili vya rangi ya machungwa vikitandikwa kwa umbo la X, warukaji wabaki ndani ya ndege hata kama redio imenyamaza. Mshereheshaji alipewa maneno ya kusema endapo tutaahirisha, na bendi ilikuwa tayari kupiga.

Siku hiyo upepo ulikuwa wa maili nane. Aliyebeba bendera alitua wa mwisho, na vijana wanne tuliowafundisha jioni iliyotangulia waliidaka bendera, wakianza na mfuko wa uzito unaoning'inia chini yake, ili isiguse nyasi. Watoto walitaka kukimbilia uwanjani papo hapo. Kamba haikushushwa mpaka mtu wa ardhini alipowahesabu wanne wote, miavuli ikawa imekusanywa, na waongoza ndege wakapigiwa simu kuambiwa kwamba hakuna tena mrukaji angani.